Pana Wenyewe

Kaburi lile tulilichimba Jumanne asubuhi, chini ya mbuyu, ng'ambo ya kusini ya mto Pangani. Fundi wetu wa seti alikuwa amewahi kushika jembe la makaburini kwao Handeni, kwa hiyo lilitoka kaburi kweli: limeelekezwa kibla kwa kamba, limeshuka hadi kifuani, na mwanandani wake umechongwa ubavuni kwa unadhifu. Kibali cha kupiga picha kilikuwa kwenye mkoba wangu, kimegongwa muhuri. Kufika saa nne, wanaume kama thelathini walikuwa wamesimama kando, kimya. Mzee mmoja mwenye bakora akasogea hadi ukingoni, akachungulia ndani, akaniuliza:

"Binti, nani kafa?"

Nikamjibu kwamba hajafa mtu, tunapiga filamu. Nikatoa barua na kumnyooshea. Hakuipokea. Alilitazama tena shimo, akageuka kuwaambia wenzake: "Wanasema hajafa mtu."

Nasimulia kisa hiki kwa sababu kila mwaka nakutana na vijana wanaotoka mjini na kamera nzuri na hadithi nzuri zaidi, wakielekea wilayani kupiga filamu, na swali lao kwangu huwa ni moja: kibali kinapatikana wapi na kwa shilingi ngapi. Ni swali la haki. Ila mimi nilikuwa nimeshalijibu swali hilo kikamilifu asubuhi ile, na bado nilikuwa nimesimama juu ya shimo ambalo sikujua namna ya kulifuta.

Makaratasi tulikuwa nayo. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Na. 4 ya mwaka 1976, inataka filamu isipigwe bila ridhaa ya mamlaka, na mamlaka hayo leo yako kwa Bodi ya Filamu. Tulipeleka maombi mapema, pamoja na mswada wa hadithi, orodha ya watu na orodha ya mahali. Kwenye nafasi ya mahali niliandika: Wilaya ya Pangani, Mkoa wa Tanga. Mstari mmoja. Nimeufikiria sana mstari ule tangu siku hizo. Wilaya nzima, yenye mto, bahari, mashamba, misikiti na makaburi yake, niliibana kwenye mstari mmoja, kisha nikaamini kwamba muhuri uliogongwa chini yake umefunika vyote.

Hadithi yetu ilimhusu msichana wa Songea anayekuja pwani kutafuta kaburi la babu yake, aliyekuwa manamba. Kupigia Pangani hakukuwa kwa bahati nasibu. Mkonge wa nchi hii ulianzia pale. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vichipukizi elfu moja kutoka Florida. Vilivyosalimika njiani vilikuwa 62 tu, vikapandwa Kikokwe, ng'ambo ya mto kutoka mjini Pangani. Kutokana na vile sitini na viwili yakaja mashamba yaliyoenea Muheza, Korogwe hadi Morogoro, na mashamba yakataka watu. Wakaletwa kutoka Songea, Kigoma, Ruanda-Urundi na Msumbiji, wakaandikwa kwa namba, na namba ndiyo ikawa jina lao. Dairekta wetu alitaka mazishi ya manamba mmoja, miaka ya hamsini, yaonekane kwa dakika tatu. Dakika hizo tatu ndizo zilizotufikisha kwenye mbuyu.

Wiki mbili kabla ya kupiga nilikwenda peke yangu kutafuta lokesheni, kama tunavyoita mahali pa kupigia. Nilivuka kwa kivuko hadi Bweni, nikakodi bodaboda kwa siku tatu. Nilipiga picha kwa simu: ufuko, kambi ya zamani ya wakata mkonge iliyobaki kuta, njia ya mchanga kati ya minazi, na makaburi. Makaburi yalinishika. Mawe ya matumbawe yaliyolala upande, mbuyu mmoja, na jua lililopenya matawini likashuka chini kama limechujwa. Nilikaa pale karibu saa nzima. Nikamtumia dairekta picha kumi na saba, akanijibu kwa neno moja: "Hapo."

Jirani na makaburi palikuwa na mtu akifyeka majani. Nilimwamkia, nikamweleza kwamba tungependa kuja kupiga filamu, kuna tukio la mazishi, tutachimba kidogo halafu tutafukia. Akatabasamu. "Hapana neno, dada. Karibuni sana." Nikampa shilingi elfu ishirini, nikaandika kwenye daftari: makaburi, tayari.

Yule bwana alikuwa kibarua, mtu wa Lushoto, amelipwa na mwenye minazi kumsafishia shamba. Hakunidanganya hata kidogo. Mtu mwenye adabu akiombwa jambo na mgeni, juu ya ardhi isiyo yake, atasema hapana neno, maana kweli yeye hana neno. Ningemuuliza swali moja zaidi, "Hapa pana wenyewe?", angeninyooshea kidole nyumba zilipo. Ile "tayari" ya kwenye daftari niliiandika mimi, kwa mkono wangu, kwa sababu mahali palinipendeza na niliogopa kuuliza nisije nikanyimwa. Sijui ni watafutaji wangapi wa lokesheni watakaokiri hofu hiyo. Mimi nilikuwa nayo, na nadhani ndiyo chanzo cha makosa mengi ya kazi hii kuliko ujinga wa sheria.

Nyumba ya kwanza kutoka kwenye ule mbuyu iko kama hatua mia mbili. Ndani yake, wiki zile, alikuwa amelala mzee mgonjwa. Watoto wake walikuwa wamerudi mmoja mmoja, kutoka Tanga, kutoka Unguja, na kijiji kizima kilikuwa kinapita pale jioni kumjulia hali. Jumanne ile, kabla jua halijachomoza vizuri, walisikia jembe upande wa makaburi. Mwanawe mkubwa alidhani jamaa wa upande wa baba wameshakata tamaa, wamemchimbia mzee angali hai. Ndiyo maana wanaume wale walikuja kimya. Walikuja kumtafuta ndugu yao aliyefanya jambo lile, wakatukuta sisi.

Mtendaji wa kijiji alifika kwa pikipiki, jasho likimtoka. Alituomba tusimamishe kazi. Dairekta wetu, ambaye ni mtu mwema lakini alikuwa ameshaona siku yake inapotea na mwanga wake unapanda juu, akamwambia: "Kaka, kibali hiki kimetoka serikalini."

"Na mimi hapa ni nani?" mtendaji akamuuliza, bila ukali.

Watu wetu ishirini na sita wakakaa chini ya minazi, na jenereta ikazimwa. Kijana wetu mmoja alitoa simu aanze kurekodi. Mzee wa bakora akamwambia, "Iweke hiyo, mjukuu wangu," naye akaiweka.

Tulikutana barazani baada ya swala ya alasiri. Mwenyekiti wa kijiji, mtendaji, wazee sita, dairekta na mimi. Nilitaka kuanza kwa kueleza. Mwenyekiti akainua mkono, akasema kwanza mgeni anywe maji. Tukanywa maji. Halafu mzee wa bakora akazungumza, na maneno yake nimeyahifadhi karibu yalivyo: "Nyinyi hamkuja vibaya. Mmekuja bila hodi. Mtu akiingia bila hodi, hata kama kaleta zawadi, wa ndani anashtuka kwanza. Sasa kaburi limechimbwa. Kwetu kaburi halifukiwi tupu, litaendelea kusubiri. Na mgonjwa tunaye hapo, mmesikia?"

Ndipo nilipoambiwa habari ya mgonjwa. Ningependa kusema nilikuwa na la kujibu.

Suluhu waliitoa wao. Jumatano tuliulaza mgomba kaburini, kama vile unavyolazwa mwili, tukafukia, ikasomwa dua, na jioni ikasomwa hitima nyumbani kwa mzee kwa gharama yetu: mchele, mbuzi, sukari, majani ya chai. Nilizihesabu fedha zile usiku kwa uchungu, nakiri. Zilikuwa pungufu ya zile ambazo tungelipa tangu mwanzo kama tungeingia kwa mlango.

Kwenye baraza ile lilitokea jambo ambalo sikulitegemea. Mwenyekiti aliuliza hayo mazishi ya kwenye filamu yakoje, na dairekta akayasimulia: wanaume wanashusha mwili, mjane amesimama ukingoni analia. Wazee wakatazamana.

"Mjane yupo kwenye eda," mmoja akasema. "Miezi minne na siku kumi. Kaburini amefuata nini?"

Dairekta alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, kwa sauti tofauti kabisa na ya asubuhi, mjane angekuwa wapi. Wakamweleza: ndani, na wanawake wenzake, na angesikia tahlili ya wanaume wakipita na jeneza, sauti ikisogea na kupungua. Usiku ule aliandika upya kurasa tatu. Kwenye filamu iliyokamilika kaburi linaonekana kwa muda mfupi sana. Kinachobaki ni uso wa mwanamke ndani ya chumba, anasikiliza. Kila niliyemwonyesha filamu ile anakumbuka uso huo.

Kesho yake niliomba niende kumpa pole mgonjwa. Mkewe alinipokea, akaniketisha mkekani karibu na kitanda cha kamba. Mzee alikuwa mwembamba, macho yake mazima. Nikamwamkia, akaitikia, nikaanza kuomba radhi, na sauti ikanikatika katikati.

"Nililisikia jembe," akasema. "Nikawa nahesabu. Nikasema hili la kifua. Halikufika shingoni. Nikajua si mchimbaji wa hapa."

Akanyamaza akivuta pumzi. Kisha akaniuliza mnamzika nani. Nikamwambia: manamba. Akatikisa kichwa juu ya mto, pole pole.

"Manamba hawakuzikwa pale, mwanangu. Pale pana wenyewe, pana koo. Manamba walikuwa wageni, mtu kafa hajulikani kwao wapi, hajulikani dini yake. Walizikwa kule kambini, nyuma ya mistari ya mkonge. Hakuna mawe. Baba yangu alikuwa akinionyesha."

Hapo ndipo nilipouona ukubwa wa kosa. Nilikuwa nimedhani nimewakosea watu kwa mahali sahihi. Kumbe hata mahali penyewe palikuwa pa uongo. Nilichagua mbuyu na mawe ya matumbawe kwa sababu yanapendeza, na hadithi yetu yote ilihusu watu walionyimwa hata jiwe. Kama tungepiga filamu ile Jumanne bila mtu kutuzuia, tungewapa manamba mazishi ambayo hawakuyapata, na tungewaambia wajukuu wao kwamba mambo yalikuwa hivyo.

Alhamisi nilivuka mto kwenda ofisi ya afisa utamaduni wa wilaya, mahali ambapo ningetakiwa kufika kabla ya kupanda ile bodaboda ya kwanza. Alinisikiliza hadi mwisho, akachukua kalamu ya risasi, akachora mto, pwani na barabara kwenye karatasi, na kuanza kuigawa. Ardhi ya kijiji, akasema, iko chini ya halmashauri ya kijiji kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Barua yenu ya Bodi inaipa filamu ruhusa ya kupigwa, haimpi mtu ruhusa ya kuingia shambani kwa mwenziwe. Mkonge una kampuni yake. Mikoko ile mliyoipenda kwenye mlango wa mto ni msitu wa hifadhi, muulizeni Wakala wa Misitu. Majengo ya kale yana Idara ya Mambo ya Kale. Mkishuka kusini mkaingia Saadani mko kwenye hifadhi ya taifa tangu 2005, na TANAPA wana ada yao ya kupiga filamu, mbali na kiingilio. Kisha akanionyesha kitone baharini alichokuwa amekichora mwishoni: "Na hiki?"

Kilikuwa kisiwa cha Maziwe. Ratiba yetu ilikuwa na siku nzima ya kupiga pale, msichana akitembea peke yake juu ya mchanga mweupe katikati ya bahari. Nilikuwa nimekiona kwenye picha ya mtalii. Afisa akanieleza kwamba Maziwe ni eneo tengefu la bahari, lina wasimamizi wake chini ya sheria ya 1994, na zaidi ya hapo hakina hata mti. Wazee wanakumbuka mivinje yake na kasa waliokuwa wakitaga. Miti ilikwisha mwishoni mwa miaka ya 1970, na leo maji yakijaa sawasawa, kisiwa chote kinazama. Ningewapeleka wasanii, kamera na jenereta kwenye fungu la mchanga lenye saa zake za kuzama, bila kuziuliza. Nililifuta tukio lile palepale, ofisini kwake. Akaniuliza pia kuhusu droni, kama ina kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga na cha Wizara ya Ulinzi. Haikuwa nacho. Ikarudi Dar es Salaam kwenye begi lake.

Nilikaa kwake saa mbili na nusu. Hakunitoza kitu ila muda. Nyote mnaofanya kazi hii, mtu huyu mmuone wa kwanza.

Kampuni ya mkonge ilituruhusu kuingia kambini baada ya barua na siku tatu za kusubiri. Sharti letu wenyewe lilikuwa kutochimba popote karibu na mahali mzee alipoelekeza. Kaburi la filamu lilichimbwa shambani kwa bibi mmoja, kando ya kambi, kwenye tuta alilokuwa ameshavuna mihogo. Aliuliza mambo mawili: litafukiwa leo leo, na nani atalirudisha tuta langu? Tulilifukia kabla ya magharibi, na vijana wetu wakalirudisha tuta, wakachomeka mapingili yeye akiwa amesimama anawaelekeza.

Siku saba zilikuwa zimepotea. Na siku haipotei peke yake. Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu jambo hili sijaliona likielezwa na yeyote anayefundisha utengenezaji wa filamu, na pwani yetu yote linatawala.

Ufuko nilioupiga picha wakati wa kutafuta lokesheni ulikuwa mpana, umelala, jua la jioni likitoka nyuma ya minazi na kuupaka rangi. Tulipanga kupiga pale saa kumi na moja jioni. Tulipofika baada ya lile juma lililopotea, hapakuwa na ufuko. Maji yalikuwa yanapiga mizizi ya minazi. Nilidhani tumekosea njia. Mvuvi mmoja aliyekuwa anafunga ngalawa yake akanitazama kwa huruma.

"Dada, ulikuja siku za maji mafu," akasema. "Hii bamvua."

Alinieleza, nami nikaandika, na toka siku ile sijaacha kutumia. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, ni bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana. Katikati ya hapo ni maji mafu, bahari haiendi mbali kokote. Na saa nazo zina desturi. Pwani hii, siku za bamvua, maji hujaa kama saa kumi alasiri na saa kumi alfajiri, yakapwa kama saa nne. Siku za maji mafu mambo hugeuka, jioni ndiyo yanakuwa yametoka. Kwa hiyo mtu anayetaka ufuko mpana wakati wa jua la jioni anazo siku zake katika mwezi, na mtu anayetaka bahari iliyojaa hadi minazini anazo zake. Siku hizo hupatikana kwa kutazama mwezi, na hakuna ofisi inayozitoa. Ratiba yetu ya kwanza ilikuwa imeangukia maji mafu kwa bahati tu, bila mmoja wetu kujua. Kaburi lilipotusogeza siku saba, lilitusogeza moja kwa moja kwenye bamvua.

Mvuvi yule ndiye aliyetuokoa. Alituambia tuje alfajiri, maji yakiwa yanatoka. Tukapiga saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ufuko ungali mwembamba na unyevu, jua linapanda kutoka baharini usoni kwa msichana. Pangani jua halizami baharini, huzama bara. Nalo hilo mswada wetu ulikuwa umekosea.

Siku hizi naenda kwa namna nyingine. Simu hubaki mfukoni siku ya kwanza nzima. Nafika kwa afisa utamaduni, kisha kwa mtendaji na mwenyekiti, kisha nakaa barazani niulizwe mimi, kabla sijauliza. Swali la pana wenyewe nalirudia kwa watu watatu tofauti, na majibu yasipolingana sipigi picha. Mahali nilipopapenda naparudia saa ileile tutakayopiga, nafumba macho na kusikiliza: mashine ya kusaga inaanza saa ngapi, shule inatoka lini, adhana inasikika kutoka misikiti mingapi, boti zinapita wapi. Naangalia watu thelathini watakula kwa mama lishe gani na watajisaidia wapi, kwa maana kijiji kinakuhukumu kwa hayo kuliko kwa filamu yenyewe. Fedha ya kijiji hupita ofisi ya kijiji na hutoka na stakabadhi. Noti unayomtia mtu wa kwanza mkononi inaweza kuacha ugomvi utakaoishi miaka baada yako. Na mswada naupeleka usomwe. Sehemu hii wenzangu wengi hawaipendi. Wanaona ni kumpa mtu wa nje kalamu. Mimi nimeona uso wa yule mjane, kwa hiyo siwezi kukubaliana nao.

Nakumbuka pia kwamba The Constant Gardener, filamu iliyotoka 2005, ilipigwa kwa sehemu Kibera na kwa sehemu Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, na walioitengeneza waliacha nyuma mfuko wa kusaidia elimu ya watu wa maeneo yale. Sisi hatuna fedha za namna hiyo. Tulirudi Pangani na projekta na shuka jeupe, tukaonyesha filamu usiku mmoja uwanjani mbele ya ofisi ya kijiji. Bibi wa shamba la mihogo alilitambua tuta lake kabla ya mtu yeyote.

Mzee mgonjwa alikuwapo. Walimleta kwa kiti. Nilikaa karibu naye na sikutazama filamu, nilimtazama yeye. Wanaume walipopita na jeneza kwenye shuka, midomo yake ilikuwa inakwenda pamoja nao.

Miezi minne baadaye mtendaji alinipigia simu saa tatu usiku. Nikapanda basi la alfajiri, nikafika Pangani adhuhuri, nikavuka. Walikuwa wanamsubiri mwanawe kutoka Unguja ili azikwe alasiri. Mkewe alikuwa chumbani na wanawake wenzake. Wakanipisha, nikakaa kando yake mkekani, akanishika mkono. Watu walikuwa wanazungumza kwa sauti ya chini, kisha wakanyamaza wote kwa pamoja. Kutoka upande wa mbuyu lilikuwa linasikika jembe. Tukakaa vivyo hivyo, yeye na mimi, tunalihesabu, hadi likafika shingoni.